Pumzi Itoke

Gagik, funga mlango wa stoo, baridi inaingia.
Keti. La, si juu ya sahani za chuma,
zimelala na Januari yote ya Gyumri,
na ninalotaka kukuambia linahusu hapo hapo
unapotaka kukalia.

Nimekuona leo kwenye kilo mia na arobaini.
Shingo imetoka kamba, uso umeiva kama bitiruti,
pumzi umeibana tangu sakafuni hadi magoti yakanyooka,
kisha ukatabasamu.
Nami nilitabasamu hivyo, miaka kumi na tisa nyuma,
kwenye ubao huu huu, Kocha Zhirayr akinguruma:
"Bana! Mwanamume hapumui!"

Nikabana.
Nikabana ukumbini, nikabana na chooni,
maana nilikula nyama na mayai, mayai na nyama,
na maji niliyaogopa, nisizidi uzito siku ya mizani.
Choo kikawa kokoto. Nikasukuma kokoto
kama nisukumavyo chuma, kwa fahari.
Jioni moja nikaona damu kwenye karatasi,
mbichi, komamanga lililopasuliwa.
Nikavuta maji. Nikanyamaza.

Mficha uchi hazai, wanasema.
Mimi niliuficha miaka miwili na nikazaa:
kinundu, kisha kinundu kikazaa mwenzake.
Nikajifunza kukaa upande kama mtu anayedaiwa.
Safari nzima ya Vanadzor nilisimama ndani ya basi,
wenzangu wakidhani ni mori wa mashindano.

Na huko, Gagik, vazi letu lilikuwa jeupe.
Nilinyanyua. Taa tatu ziliwaka za ushindi.
Hakuna aliyepiga makofi.
Jaji wa kushoto, mama mmoja mwembamba,
alivua koti lake, akapanda jukwaani,
akanifunga kiunoni kama anayemfunika mtoto aliyetoka mtoni.
Jina lake sikuwahi kuuliza.

"Bawasiri," alisema Daktari Shushan
kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya viazi.
"Ni mishipa tu. Ukijibana, damu inarundikana chini,
mshipa unatuna kama tairi ya baiskeli
pale mpira ulipochakaa.
Chuma sikukatazi.
Nakukataza kujigeuza chupa yenye kizibo."

Kwa hiyo: vuta pumzi kabla, kaza tumbo, simama kwa miguu, si kwa mgongo.
Chuma kikipita goti, pale dunia inapokuwa nzito,
iachie pumzi kati ya meno, sss,
kama birika linalokaribia kuchemka.
Ikikataa kutoka, uzito huo si wako bado.
Punguza kilo tano. Hakuna atakayekufa.

Maji unywe hata ukiwa huna kiu.
Bibi yako anakausha aprikoti juu ya paa,
mwibie kiganja kila asubuhi, anajua, atafurahi.
Dengu. Maharagwe. Mkate ule mweusi unaoudharau.
Chooni weka kigoda chini ya nyayo, magoti yapande,
simu iache nje. Haja ikiita, nenda,
isipoita, usiibembeleze.

Na ukiona damu, hata tone, usilifanye siri ya kishujaa.
Njoo useme. Ukinionea haya, nenda kwa Shushan,
yeye hacheki; nilishajaribu kumchekesha.

Juzi nilimkuta Kocha Zhirayr kwenye duka la dawa.
Ana miaka sabini na minne, kofia imeshuka hadi nyusi.
Mikono yetu ilifika pamoja kwenye rafu moja,
kwenye tyubu moja ya marhamu iliyobaki.
Tukatazamana. Miaka kumi na tisa ya "bana"
ikapita kati yetu kimya kimya.
"Chukua wewe," akasema. "Mimi ninayo nyingine nyumbani."

Haya, inuka. Kilo mia tu leo.
Mimi nitasimama nyuma yako, macho nimefumba.
Sitaki kukuona ukinyanyua.
Nataka kukusikia.